Lazutina ana medali ngapi za Olimpiki: 10, 9 au 7?

Mwalimu mmoja wa michezo aliye karibu na Eldoret ameniandikia. Anawaandalia wanafunzi wake ubao wa wanawake waliotamba kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, na alipofika kwa Larisa Lazutina, mchezaji wa mbio za skii wa Urusi, akakwama. Sehemu moja inampa medali 10, gazeti la zamani linampa 9, na orodha za siku hizi zinampa 7. Anataka kujua ipi ni sahihi, na kama ni haki mtu kunyang'anywa medali ya mbio ambazo hakukamatiwa humo na dawa zilizokatazwa. Mwisho anauliza kama huko kwao mama huyu bado anathaminiwa.

Mwalimu, jibu fupi ni 7: dhahabu 5, fedha 1, shaba 1, zote kati ya 1992 na 1998. Ila waliokupa 10 na 9 nao hawakuzibuni. Kila namba ilikuwa na wakati wake. Ile 10 iliishi saa chache tu, Jumapili ya tarehe 24 Februari 2002. Ile 9 iliishi zaidi ya mwaka. Iliyobaki ni 7, na haitabadilika tena. Ili wanafunzi wako waelewe kwa nini, itabidi tumfuate mwenyewe toka alikoanzia.

Alizaliwa tarehe 1 Juni 1965 huko Kondopoga, mji wa Karelia, kaskazini-magharibi mwa Urusi, upande wa mpaka na Finland. Jina la nyumbani kwao lilikuwa Ptitsyna, na ukikuta jina hilo kwenye matokeo ya 1987 ujue ni yeye: mwaka huo, Oberstdorf, Ujerumani, alipata dhahabu yake ya kwanza ya Mashindano ya Dunia, akiwa kwenye timu ya Umoja wa Kisovieti ya mbio za kupokezana. Baadaye aliolewa, akawa Lazutina. Msimu wa 1989–90 alitwaa Kombe la Dunia kwa jumla ya pointi. Kombe hilo ni mfululizo wa mbio za msimu mzima, tofauti na Mashindano ya Dunia ambayo siku hizi hufanyika kila baada ya miaka miwili.

Bahati yake mbaya, kama tunaweza kuiita hivyo, ilikuwa kuzaliwa zama moja na wenzake wawili. Yelena Välbe, wa kutoka Magadan, alimaliza kazi yake na dhahabu 14 za dunia na Kombe la Dunia mara 5. Lyubov Yegorova alibeba dhahabu 6 za Olimpiki katika Michezo miwili tu, 1992 na 1994. Kwa hiyo ukitazama Albertville 1992 na Lillehammer 1994, Lazutina yumo, lakini pembeni: ana dhahabu moja kila mahali, na zote mbili ni za kupokezana. Albertville alikimbia na Välbe, Yegorova na mkongwe Raisa Smetanina, aliyekuwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 40. Mbio za mtu mmoja mmoja hakuambulia medali kwenye Michezo yote miwili. Akiwa na miaka 28, mtu angeweza kusema huyu ni mchezaji mzuri wa timu, basi.

Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu watu wakilisikia jina lake leo wanaanzia kwenye dawa na kurudi nyuma, kana kwamba alitokea ghafla. Hakutokea ghafla. Mwaka 1993, Falun, Sweden, alishinda kilomita 5, na hiyo ndiyo dhahabu yake ya kwanza ya dunia ya peke yake, mbali na nyingine ya kupokezana aliyoipata hapohapo. Miaka miwili baadaye, Thunder Bay, Canada, ikawa zamu yake kamili: kilomita 5, kilomita 15, mbio za kufukuzana na kupokezana, dhahabu 4 kati ya 5 zilizokuwepo. Ya tano, ile ya kilomita 30, alichukua Välbe. Wanawake wa nchi nyingine zote wakarudi nyumbani bila dhahabu hata moja.

Hapa nieleze mitindo, maana bila hiyo matokeo yake hayasomeki. Kuna mtindo wa klasiki, ambapo skii mbili hukaa ndani ya mifereji miwili iliyochorwa kwenye theluji na mtu hupiga hatua mbele huku akisukuma kwa fimbo. Chini ya skii, katikati, hupakwa nta inayoshika theluji unapokanyaga, na kwingine nta inayoteleza. Nta ikikosewa, ama skii inarudi nyuma kwenye mlima, ama inaganda na kugoma kuteleza. Kisha kuna mtindo huru, ambapo mtu husukuma kwa pembeni, mguu huu na huu, na ni wa kasi zaidi. Lazutina aliweza yote mawili, lakini nyumbani kwake hasa palikuwa kwenye klasiki. Kilomita 5 na 15 za Thunder Bay zilikuwa klasiki. Kilomita 5 za Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, klasiki. Dhahabu ya kilomita 30 huko Ramsau, Austria, mwaka 1999, klasiki pia. Hatua yake ilikuwa fupi na ya haraka, na kwenye milima hakuonekana kubadili mwendo. Sisi tunaofuatilia mchezo huu kwa macho ya riadha tunamwona kama mkimbiaji wa nyika kuliko wa uwanjani.

Mwaka 1997, Trondheim, Norway, mambo yakageuka. Välbe alishinda dhahabu zote 5, jambo ambalo mwanamke yeyote hakuwahi kulifanya kwenye Mashindano ya Dunia. Lazutina alipata ile ya kupokezana tu, akiwa timu moja naye. Mashindano hayohayo Yegorova, aliyetangulia kushinda kilomita 5, alikutwa na bromantani, kichangamshi kilichokatazwa, na dhahabu ile akapewa Välbe. Weka jambo hilo akilini, Mwalimu. Ni miaka mitano kabla ya Olimpiki ya Salt Lake City, Marekani, timu ni ileile, na somo lilikwishatolewa hadharani.

Halafu Nagano, Februari 1998. Mbio za skii zilifanyika Hakuba, kwenye njia za Snow Harp. Hapo ndipo Mkenya mwenzako, Philip Boit, alipotimua theluji kwenye kilomita 10 za wanaume, akafika wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamngojea mstarini amkumbatie. Kwa Wakenya wengi Nagano ni hiyo tu. Lakini kwenye njia hizohizo, wiki hizohizo, Lazutina akiwa na miaka 32 alikuwa akifanya kazi ya maisha yake. Tarehe 8 alichukua fedha ya kilomita 15 nyuma ya Mrusi mwenzake Olga Danilova. Kesho yake, dhahabu ya kilomita 5. Siku iliyofuata, mbio za kufukuzana, ambazo mshindi wa jana huanza kwanza na wengine huachiliwa mmoja mmoja kwa tofauti ya sekunde walizoachwa, kwa hiyo anayevuka mstari kwanza ndiye mshindi wa jumla. Aliwakimbia wote. Kisha dhahabu ya kupokezana, akiwa na Danilova, Välbe na Nina Gavrilyuk, na mwisho shaba ya kilomita 30 nyuma ya Yulia Chepalova na Muitalia Stefania Belmondo. Mbio 5, medali 5. Hakuna mwanamichezo mwingine aliyeondoka Nagano na medali nyingi kuliko hizo. Rais Boris Yeltsin akamtunuku hadhi ya Shujaa wa Shirikisho la Urusi, na msimu huo akamaliza na Kombe la Dunia la pili.

Jumla ya Olimpiki hapo: dhahabu 5, fedha 1, shaba 1. Hizo ndizo 7 zako. Juu ya zile za Mashindano ya Dunia, ongeza dhahabu 2 za Ramsau 1999 na moja ya kupokezana huko Lahti, Finland, mwaka 2001, na hesabu yake ya ubingwa wa dunia inafika 11. Hizo nazo hazijaguswa.

Lahti 2001 nitaigusia kidogo kwa sababu nyingine. Wenyeji Wafini walifumaniwa: wachezaji wao 6 walikutwa na dawa inayozimua damu, itumiwayo kuficha chembe nyekundu zilizozidi. Watafiti waliochambua damu ya waliopimwa kwenye mashindano hayo, bila kutaja jina la mtu wala nchi, walichapisha baadaye kwamba nusu ya waliopata medali walikuwa na damu isiyo ya kawaida kabisa, wakati kwa waliomaliza kati ya nafasi ya 41 na 50 ilikuwa karibu hakuna. Kwa hiyo anayedhani uchafu ule ulikuwa wa Warusi peke yao, asome upya.

Kwa mtu wa nyanda za juu kama wewe, upande wa damu hauhitaji maelezo marefu. Ukikaa Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, figo hutoa homoni ya EPO kwa wingi zaidi, uboho wa mifupa huongeza chembe nyekundu, himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) inapanda, na misuli inapata oksijeni zaidi. Hilo ni halali, na ni jasho la miezi na miaka. EPO ya sindano hufanya kazi hiyohiyo kwa mtu aliyekaa sebuleni, na damu ikizidi kuwa nzito inaweza kuganda na kuua. Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, liliweka kikomo: mwanamke akipimwa asubuhi ya mbio na himoglobini yake ikazidi gramu 16 kwa desilita, haruhusiwi kuanza. Angalia vizuri: kuzidi kikomo hakukuhesabiwa kuwa kosa la dawa. Unazuiwa kwa usalama wako, unapumzishwa, basi. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilichokuwepo, kwa sababu kipimo cha mkojo cha kutambua EPO yenyewe kilianza kutumika kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 tu. Nagano hakikuwepo.

Na mwaka 2001 ikaingia sokoni darbepoetini. Ni ndugu wa EPO, iliyotengenezwa kwa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu, na sifa yake ni kukaa mwilini karibu mara tatu zaidi, ili mgonjwa asichomwe sindano kila mara. Walioitumia kwenye michezo walidhani ni mpya mno kuweza kukamatwa. Kwa kweli ilikuwa rahisi kukamatwa kuliko EPO ya kawaida. Kile kilichoifanya idumu, yaani minyororo ya ziada ya sukari kwenye protini, ndicho kilichoifanya ijitenge waziwazi kwenye kipimo, mbali na EPO ya mwili wa mtu. Maabara haikuhitaji hata kubishana na kivuli.

Sasa twende Salt Lake City, Februari 2002. Njia zilikuwa Soldier Hollow, Utah, na Lazutina alikuwa na miaka 36. Tarehe 9, kilomita 15 za mtindo huru, Belmondo alivunjikiwa fimbo katikati ya mbio, akaachwa, akapata nyingine, akawafikia na kumpita Lazutina mwishoni. Fedha. Tarehe 15, mbio za kufukuzana: Danilova dhahabu, Lazutina fedha, na Beckie Scott wa Canada shaba. Scott alikuwa miongoni mwa wachezaji waliokuwa wakilalamika wazi kuhusu dawa, kwa hiyo picha ya jukwaa lile ukiitazama leo inasema mengi.

Tarehe 21 ilikuwa mbio za kupokezana, na Urusi ilikuwa ikipewa dhahabu hata kabla ya kuanza. Asubuhi hiyo himoglobini ya Lazutina ilizidi kikomo. Muda wa kumweka mtu mwingine ulikuwa umekwisha, timu nzima ikazuiwa, Ujerumani ikashinda. Moscow ikawaka. Leonid Tyagachyov, mkuu wa kamati ya Olimpiki ya Urusi, akatishia kuiondoa timu yote kwenye Michezo. Kelele zilikuwa kuhusu upendeleo na njama, na chupa ya mkojo aliyoitoa siku hiyo ilikuwa tayari njiani kwenda maabara.

Tarehe 24, siku ya kufunga Michezo, alianza kilomita 30 za klasiki, mbio yake hasa. Akashinda. Hapo ndipo 10 ilipozaliwa: 7 za zamani, fedha 2, na dhahabu hii. Kwa muda huo mfupi alikuwa na dhahabu 6 kama Yegorova, na medali 10 kama Smetanina. Kabla siku haijaisha yakatangazwa majibu ya sampuli ya tarehe 21: darbepoetini. Danilova naye vivyo hivyo, pamoja na Johann Mühlegg, Mjerumani aliyekuwa akiichezea Uhispania. Dhahabu ya kilomita 30 ikaenda kwa Muitalia Gabriella Paruzzi. Ikabaki 9, na ndiyo unayoiona kwenye gazeti lako la zamani.

Kwa nini zile fedha 2 hazikuondolewa siku hiyohiyo? Kwa sababu zilipatikana tarehe 9 na 15, kabla ya sampuli ya tarehe 21. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa na mkono mfupi: ingeweza kufuta kilichofuata baada ya sampuli, si kilichotangulia. Hata Mühlegg aliondoka Utah na dhahabu 2 kati ya 3, jambo lililowaudhi wengi. Kilichowamaliza Lazutina na Danilova ni sampuli nyingine, ya Desemba 2001, waliyoitoa kwenye vipimo vya FIS kabla ya Michezo. Hiyo nayo ilikutwa na dawa. FIS ikawafungia miaka 2, matokeo yao yote tangu Desemba yakafutwa, na Februari nzima ikaanguka pamoja nayo. Wakakata rufaa kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na mashauri yakavuta hadi mwishoni mwa 2003. Hoja kwamba jina darbepoetini halikuandikwa kwenye orodha ya marufuku haikuwaokoa, kwa kuwa orodha ilikataza EPO pamoja na vitu vya jamii yake. Fedha 2 zikaondoka, 9 ikawa 7. Scott alipanda ngazi moja baada ya nyingine, kutoka shaba hadi fedha hadi dhahabu, na akavikwa dhahabu yenyewe mwaka 2004, Vancouver, miaka 2 na zaidi baada ya mbio.

Kwa hiyo swali lako la haki limejibiwa nusu. Kanuni haiangalii mbio zipi ulikimbia ukiwa na dawa. Inaangalia siku sampuli chafu ilipotolewa, na kuanzia hapo kila kitu kinaporomoka. Ninyi huko mmeliona jambo hili karibu: mkimbiaji Rita Jeptoo alitoa sampuli Septemba 2014 nje ya mashindano, na ushindi wake wa marathoni ya Chicago wa Oktoba ukafutwa, ingawa si Chicago alikokamatwa. Mimi naiona kanuni hiyo ni ya haki. EPO na ndugu zake hutengeneza chembe nyekundu zinazoishi karibu miezi minne. Dawa yenyewe inaweza kuwa imeshatoka kwenye mkojo huku faida yake ikiendelea kukimbia ndani ya mishipa. Ukidai mtu ashikwe siku ileile ya mbio ndipo umnyang'anye, umemwachia mlango wazi.

Kisicho cha haki, kwa maoni yangu, ni kuirudisha kanuni hiyo nyuma kwa hisia. Wengi husema: kama alitumia 2002, basi hata Nagano alitumia. Inawezekana. Lakini hakuna sampuli ya 1998 inayosema hivyo, na kipimo cha EPO hakikuwepo, kwa hiyo Nagano wala haimtii hatiani wala haimsafishi. Walio nyuma yake Nagano nao hawakupimwa EPO. Ukianza kufuta kwa kushuku, utalazimika kufuta nusu ya jukwaa la Lahti bila hata kujua uwafute akina nani.

Kwenye ubao wako andika hivi: Olimpiki, dhahabu 5 (1992, 1994, na 3 za 1998), fedha 1, shaba 1. Mashindano ya Dunia, dhahabu 11. Kombe la Dunia kwa jumla, mara 2. Na mstari wa chini, kwa herufi za ukubwa uleule: matokeo tangu Desemba 2001 yamefutwa kwa sababu ya dawa. Ukiuondoa mstari huo unawadanganya wanafunzi, na ukiandika huo tu unawadanganya vilevile.

Kuhusu kwao: baada ya kufungiwa hakurudi tena kwenye mashindano. Aliingia siasa na kuwa mbunge katika bunge la Mkoa wa Moscow. Hadhi ya Shujaa wa Shirikisho la Urusi anayo bado. Huko Odintsovo, nje kidogo ya Moscow, ipo njia ya lami yenye jina lake, inayotumiwa na wachezaji wa skii kufanya mazoezi ya skii za magurudumu wakati wa kiangazi, na wenyeji huiita Lazutinka.